Seneta Morrill: Mtoto wa Mhunzi Aliyewatafutia Wengine Chuo



Kila mwaka kitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu aliyetangulia mbele ya haki, ambaye kazi yake ina somo kwetu. Mwaka huu tumemchagua Justin Smith Morrill, seneta wa jimbo la Vermont nchini Marekani, aliyefariki mwaka 1898. Kwao ni mtu mashuhuri, na majengo ya vyuo vikuu vingi yana jina lake. Kwetu hatajwi sana, ingawa matunda ya kazi yake yamefika hadi Morogoro, kama tutakavyoona.

Sababu ya kumchagua ni hii. Mkutano wetu mkuu una swali la kujibu: fedha tutakazochanga ziishie zote kwenye ujenzi wa bweni, au sehemu yake iwekwe kwenye mfuko wa kudumu wa kuwasomesha vijana wetu wanaokwama kwa ada za vyuo? Swali la namna hiyo lilijadiliwa katika Bunge la Marekani zaidi ya miaka 160 iliyopita, na mtu aliyeandika jibu lake alikuwa mwenye duka wa kijijini ambaye hakupata kuingia chuo chochote. Sisi tunaofanya kazi ya uhasibu tumeisoma sheria yake kwa jicho la daftari, na tumeona ina mambo yanayofaa kusimuliwa hapa.

Kuzaliwa na kukua

Morrill alizaliwa tarehe 14 Aprili 1810 katika kijiji cha Strafford, Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni nchi ya vilima, baridi kali na mashamba yenye mawe. Baba yake alikuwa mhunzi. Watoto walikuwa kumi, naye Justin ndiye kifungua mimba.

Alisoma shule ya kijiji, kisha akapata muda mfupi katika shule mbili za juu za jirani. Alipofika miaka 15 masomo yakakoma. Baba hakuwa na uwezo wa kuwapeleka watoto wote chuoni, na hakuona haki kumpeleka mmoja na kuwaacha wengine. Wazazi wengi wa kwetu wamewahi kukaa na hesabu hiyo usiku, kwa hiyo hatuna haja ya kuieleza zaidi.

Kijana akaajiriwa kuuza duka. Akafanya kazi hiyo kijijini kwao, baadaye akaenda Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine, kisha akarudi Strafford na kuingia ubia na Jedediah Harris, mfanyabiashara mzee aliyemlea kikazi. Duka likawa maduka. Jioni alisoma vitabu kwa juhudi yake mwenyewe. Mwaka 1848, akiwa na miaka 38, alikuwa na akiba ya kutosha kuacha biashara. Akajenga nyumba yake palepale Strafford na kuanza kulima bustani. Mwaka 1851 akamwoa Ruth Swan.

Angeweza kuishia hapo, akawa tajiri wa kijiji anayeheshimiwa. Lakini mwaka 1854 wananchi wa eneo lake walimchagua kuwa mbunge, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1855. Mwaka 1867 akahamia Seneti, ambalo ndilo baraza la pili la Bunge lao. Hakutoka bungeni tena mpaka kifo, yaani karibu miaka 44 ya utumishi mfululizo.

Hoja iliyokataliwa

Wakati ule vyuo vya Marekani vilikuwa vichache, na vingi vilifundisha Kilatini, Kigiriki, dini na sheria. Vilikuwa vya watoto wa wachungaji, mawakili na matajiri. Mkulima na fundi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na chuo kilichofundisha kazi zao. Mwaka 1856 Morrill alipendekeza Bunge liangalie uwezekano wa kuanzisha shule za taifa za kilimo, kwa mfano wa chuo cha kijeshi cha West Point. Pendekezo halikufika mbali.

Mwishoni mwa 1857 akarudi na muswada. Serikali kuu ilikuwa na ardhi nyingi sana upande wa magharibi, na ilikuwa ikiigawa kwa kampuni za reli bila kusita. Morrill akataka kila jimbo lipewe ekari 20,000 kwa kila mbunge na kila seneta liliye naye, liziuze, na fedha zianzishe chuo cha kilimo na ufundi.

Aprili 1858 alisimama kuutetea. Alikuja na takwimu, kama mwenye duka aliyezoea kufunga hesabu. Alionyesha jinsi mavuno ya majimbo ya zamani yalivyokuwa yakishuka mwaka hadi mwaka kwa sababu udongo ulichoka na wakulima hawakuwa na elimu ya kuurutubisha. Alilinganisha na nchi za Ulaya zilizokwisha kuanzisha shule za kilimo. Na alihoji: kama ardhi ya umma inaweza kutolewa kwa reli, kwa nini isitolewe kwa elimu ya watu wanaoilisha nchi?

Upinzani ulikuwa mkali. Mwenyekiti wa kamati ya ardhi, mbunge kutoka Alabama, alitaka muswada ukataliwe. Wajumbe wa kusini walisema katiba haikuipa serikali kuu mamlaka juu ya elimu, kwamba hiyo ni kazi ya kila jimbo. Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na hofu nyingine: serikali kuu ikizoea kuingilia shule, kesho itaingilia utumwa. Wajumbe wa magharibi nao walikuwa na wasiwasi wao, kwamba walanguzi wa mashariki wangenunua ardhi, wakaikalia bila kuiendeleza, na walowezi wakakosa mahali.

Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 105 dhidi ya 100. Seneti ikaupitisha Februari 1859 kwa kura 25 dhidi ya 22. Kazi ikaonekana imekwisha. Mwezi huohuo Rais James Buchanan akautumia kura ya turufu, yaani akakataa kutia saini. Alisema hazina haina fedha, majimbo yatazoea kuombaomba serikali kuu, vyuo vilivyopo vitaumia, na katiba hairuhusu. Kura za kuipindua turufu hiyo hazikutosha. Miaka mitatu ya kazi ikaenda na maji.

Mwaka 1862

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, wajumbe wa majimbo ya kusini yaliyojitenga waliondoka bungeni. Morrill akauleta muswada wake upya. Sasa ekari zilikuwa 30,000 kwa kila mjumbe, na mafunzo ya kijeshi yaliongezwa kwenye masomo, maana nchi ilikuwa imegundua kwa uchungu kwamba haina maofisa wa kutosha. Majimbo yaliyoasi hayakuhesabiwa, ingawa baada ya vita nayo yaliingizwa.

Katika Seneti muswada ulibebwa na Benjamin Wade wa Ohio. Wa magharibi walipinga tena, na James Lane wa Kansas akafanikiwa kuweka kikomo: wenye hati za ardhi wasichukue zaidi ya ekari milioni moja ndani ya jimbo lolote. Seneti ikapitisha kwa kura 32 dhidi ya 7, Baraza la Wawakilishi kwa 90 dhidi ya 25. Tarehe 2 Julai 1862 Rais Abraham Lincoln akatia saini. Vita vilikuwa vikiendelea, makaburi yakichimbwa kila siku, na watu hao walikuwa wakipanga vyuo kwa ajili ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Masharti ya fedha

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo roho ya sheria ilipo. Watu wengi husifu ukubwa wa ardhi iliyotolewa. Sisi tunaona ustadi wa Morrill zaidi katika masharti.

Kwanza, fedha zote za mauzo ziwekwe kwenye hati fungani za serikali au hati nyingine salama, zenye kuzaa si chini ya asilimia 5 kwa mwaka.

Pili, mtaji huo usiguswe milele. Kinachotumika ni faida yake tu. Mtaji ukipungua au ukipotea kwa sababu yoyote, jimbo lilipe pengo kutoka mfukoni mwake.

Tatu, gharama za kusimamia na kuuza ardhi zibebwe na jimbo. Zisikatwe kwenye mfuko.

Nne, hata senti moja ya mfuko au ya faida yake isitumike kununua, kujenga wala kukarabati jengo. Ruhusa pekee ilikuwa asilimia 10, na hiyo kwa kununua kiwanja au shamba la majaribio.

Tano, chuo kiwepo ndani ya miaka mitano, na kila mwaka kitoe taarifa ya maendeleo, majaribio na gharama zake.

Sharti la nne liliwaudhi wengi. Jengo huonekana. Kiongozi hukata utepe, jina huandikwa ukutani. Mshahara wa mwalimu hauna utepe wa kukatwa. Morrill alijua kwamba fedha zikiruhusiwa kuingia kwenye matofali zitaishia kwenye matofali, na jengo litabaki bila walimu. Kwa hiyo akalazimisha kila jimbo lijenge kwa nguvu zake, na mfuko ubaki kwa ajili ya kufundisha. Ni haki kusema pia kwamba sharti hilo lilikuwa na machungu yake. Majimbo maskini yalihangaika kupata majengo, na vyuo kadhaa vilianza kwa shida kubwa.

Waliouza haraka na aliyesubiri

Ardhi ilikuwa nyingi sokoni, bei ikaporomoka. Bei ya kawaida ya serikali ilikuwa dola 1.25 kwa ekari. Jimbo la Rhode Island lilikuwa na ekari 120,000, likaziuza zote kwa dola 50,000, yaani chini ya senti 42 kwa ekari. Majimbo mengine nayo yaliuza kwa haraka na kwa hasara.

New York lilikuwa na fungu kubwa kuliko yote, karibu ekari 990,000. Huko kulikuwa na Ezra Cornell, aliyeanza maisha kama seremala, akatajirika kwa biashara ya simu ya maandishi, naye wakati ule alikuwa katika seneti ya jimbo. Alitoa dola 500,000 zake mwenyewe kuanzisha chuo. Kisha akanunua sehemu kubwa ya hati za ardhi za jimbo, akachagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, na kuingia mkataba kwamba faida yote itarudi chuoni. Akalipa kodi za ardhi hiyo mwaka baada ya mwaka, watu wakimwona mpumbavu. Alifariki mwaka 1874 kabla ya kuona mavuno. Misitu ilipouzwa baadaye, Chuo Kikuu cha Cornell kilipata zaidi ya dola milioni 5. Sheria ilikuwa ileile na hati zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa uvumilivu wa mtunza fedha.

Upande wa pili wa daftari

Mhasibu mwaminifu haandiki mapato bila kuandika yalikotoka. Ardhi iliyogawiwa haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa nchi ya wenyeji wa Marekani, iliyochukuliwa kwa mikataba ya kulazimishwa, kwa vita, au bila mkataba unaotambuliwa. Misitu ya Wisconsin ilikuwa ya Waojibwe. Huko California makabila yalitia saini mikataba 18 mwanzoni mwa miaka ya 1850, Seneti ikakataa kuiidhinisha, na ardhi ikaenda hata hivyo. Katika miaka ya karibuni watafiti wamefuatilia vipande hivyo kimoja kimoja, na vyuo kadhaa vimeanza kukiri deni hilo hadharani. Sisi tunaotoka katika nchi iliyowahi kunyang'anywa ardhi na wakoloni hatuwezi kumsifu Morrill bila kulitaja.

Sheria ya pili, 1890

Riba ya mitaji midogo haikutosha kuendesha vyuo. Kuanzia mwaka 1872 Morrill, sasa seneta, alianza kudai ruzuku ya kila mwaka kutoka serikali kuu. Aliwasilisha hoja, ikakwama. Akawasilisha nyingine, ikakwama. Aliendelea hivyo kwa miaka 18, mpaka mvi zikamjaa kichwani. Tarehe 30 Agosti 1890, akiwa na miaka 80, sheria yake ya pili ilitiwa saini. Kila jimbo lingepata dola 15,000 mwaka wa kwanza, ziongezeke dola 1,000 kila mwaka hadi zifike 25,000.

Sheria hiyo ilikuwa na sharti jipya. Jimbo linalobagua rangi katika kupokea wanafunzi lisipewe fedha, isipokuwa kama lina chuo cha watu weusi na linagawa fedha kwa haki. Ilikuwa nusu ya haki, maana ilikubali utengano. Majimbo ya kusini yakachagua vyuo viwili viwili. Hata hivyo kwa njia hiyo vyuo vya watu weusi katika majimbo hayo vilipata msingi wa fedha za umma ambao visingeupata kwa hisani ya watawala wa huko.

Mgao wenyewe haukuwa wa haki. Mwaka 2023 serikali kuu ya Marekani iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kuwaeleza kwamba vyuo hivyo vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30 iliyotangulia. Sharti zuri lisilo na mkaguzi hubaki karatasi. Morrill aliandika neno haki ndani ya sheria, lakini usimamizi uliachwa mikononi mwa walewale waliokuwa wakibagua.

Matunda

Mmoja wa waliofaidika ni George Washington Carver. Alizaliwa utumwani huko Missouri, akazunguka akitafuta shule inayompokea, hatimaye akahitimu mwaka 1894 katika chuo cha kilimo cha Iowa, jimbo la kwanza kuikubali sheria ya 1862. Akaenda Tuskegee, Alabama, akawafundisha wakulima maskini weusi kurutubisha udongo uliochoshwa na pamba kwa kupanda karanga na kunde. Udongo uliochoka ndio uleule Morrill aliousemea mwaka 1858.

Juu ya vyuo hivyo, sheria ya 1887 ilijenga vituo vya utafiti, na ya 1914 ikaweka maofisa wa ugani wa kumfuata mkulima shambani, kazi tunayoijua kwa bwana shamba na bibi shamba. Na kuanzia 2011, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kiliongoza kundi la vyuo vya Marekani, vingi vikiwa vimetokana na sheria za Morrill, Tuskegee kikiwemo kundini, kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Watanzania walisomeshwa shahada za uzamili na uzamivu kupitia ushirikiano huo.

Mwisho wake

Morrill alifanya mengine bungeni. Aliongoza kamati ya fedha ya Seneti kwa miaka mingi, na alipigania ujenzi wa jengo kubwa la Maktaba ya Bunge lililofunguliwa 1897. Alifariki Washington tarehe 28 Desemba 1898 akiwa bado seneta, na akazikwa kwao Strafford. Nyumba aliyoijenga kijijini bado ipo na wageni huitembelea. Katika miaka yote ya ukubwa wake hakuacha kuwa mtu wa Strafford, na hilo nalo tuliona lisemwe katika kitabu cha watu waliotawanyika mijini.

Tunaondoka na nini

Hatusemi bweni lisijengwe. Watoto wetu wanahitaji pa kulala, na hata majimbo yale yalilazimika kujenga. Tunachopendekeza ni kwamba jengo liwe na daftari lake na mfuko wa masomo uwe na daftari lake, na moja lisikope kwa mwenzake. Fedha za mfuko ziwekwe mahali salama, kama hati fungani za serikali, tutumie faida tu. Kamati isijilipe kutoka humo. Taarifa isomwe kila mwaka mbele ya wanachama wote, na mkaguzi asiwe ndugu wa mweka hazina. Tukianza na kidogo, mwaka wa kwanza faida inaweza isizidi ada ya kijana mmoja wa chuo cha ufundi. Mwaka unaofuata kijana wa pili atafuata, na mtaji utakuwepo hata sisi tukiwa hatupo.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki, nayo ina mistari miwili: mmoja wa bweni na mmoja wa mfuko. Tunaomba kila mmoja ajaze yote miwili, hata kama ni kiasi kidogo, na aje mkutanoni tuamue kwa pamoja.